SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: TELEVISHENI YA KIOO BAPA – KUTAMBUA KASORO ZA PICHA NA KUIFANYA IDUMU

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wao. Linafaa kusomwa kwa sauti katika kikundi cha watu wasiozidi kumi na watano, sehemu moja baada ya nyingine. Kikundi kijibu maswali yaliyo mwishoni kabla ya kutawanyika.

UTANGULIZI

Vyama vya ushirika vina desturi ya miaka mingi ya kuwakusanya wanachama ili wasikilize na kujifunza pamoja. Katika Tanzania, kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya vikundi vilivyosikiliza redio moja, vikasoma kitabu kimoja, kisha vikajadiliana. Mwaka huo huo televisheni ilianza Zanzibar, na Tanzania Bara ikaipata mwaka 1994. Leo chombo kinachoonekana katika kumbi za vyama vingi ni televisheni ya kioo bapa, ambayo wanachama huitazama kwa ajili ya habari, bei za mazao, mafunzo ya kilimo na, bila shaka, mpira.

Redio ya zamani iliweza kuanguka kutoka mezani, ikaokotwa, ikaendelea kusema. Televisheni ya kioo bapa haina uvumilivu huo. Lakini nayo si dhaifu kama wengi wanavyodhani, na kasoro zake nyingi hazitoki ndani ya kioo chake. Inapoacha kuonyesha picha, mambo mawili hutokea upesi katika chama: mtu hulaumiwa, na fedha hutoka. Shabaha ya somo hili ni kuweka jambo la tatu mbele ya hayo mawili, nalo ni uchunguzi.

SHAURI LA MLINZI WA GHALA

Na uchukuliwe mfano wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Katika msimu ambao kahawa iliuzwa vizuri, mkutano mkuu uliidhinisha ununuzi wa televisheni ya inchi 43, nayo ikawekwa katika ukumbi ulio karibu na ghala. Ufunguo wa ukumbi alipewa mlinzi wa ghala, mzee aliyekitumikia chama kwa miaka mingi. Televisheni iliwashwa asubuhi na kuzimwa usiku baada ya mtu wa mwisho kuondoka.

Jioni moja katika mwaka wa pili, katikati ya mchezo wa mpira, picha ilitoweka. Sauti iliendelea kama kawaida. Kesho yake maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema mlinzi huwaachia watoto wakachezea kioo. Wengine walisema ameipiga kwa ufagio. Fundi aliyeitwa kutoka mjini aliiwasha, akaitazama kwa muda mfupi, akatamka kwamba kioo kimekufa na kwamba yeye yuko tayari kuichukua kwa bei ya vyuma chakavu. Kamati iliamua mlinzi akatwe sehemu ya mshahara wake kila mwezi mpaka bei ya televisheni mpya itimie, na kiasi cha mwezi wa kwanza kikakatwa.

Katibu hakuridhika. Alimwendea mwenyekiti, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, tumemhukumu mzee kabla ya kukichunguza chombo. Naomba siku mbili tu, na naomba televisheni isiuzwe." Mwenyekiti alikubali, ingawa shingo upande.

Alichokifanya katibu katika siku hizo mbili kitaelezwa mwishoni. Kwanza haina budi kueleweka namna picha inavyopatikana.

SEHEMU YA KWANZA: NAMNA PICHA INAVYOPATIKANA

Msingi wa kioo cha namna hii uligunduliwa mwaka 1888, pale mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alipoona dutu iliyotokana na karoti ikiyeyuka kwa namna ya ajabu: ilikuwa majimaji, lakini ilikuwa na mpangilio kama wa fuwele. Dutu za aina hiyo huitwa fuwele majimaji. Zikiwekwa baina ya vioo viwili vyembamba na kupitishiwa umeme kidogo, hugeuka. Na kwa kugeuka kwake, mwanga ama hupita ama huzuiwa.

Hapo pana jambo kubwa la kukumbuka: katika televisheni nyingi zinazouzwa leo, kioo hakitoi mwanga. Mwanga hutoka kwenye taa zilizo nyuma yake. Kioo ni kama pazia lenye madirisha mengi madogo yanayofunguka na kufunga, na taa ni kama jua lililo nyuma ya pazia hilo. Televisheni yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina nukta 2,073,600, na kila nukta ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu.

Kwa hiyo msomaji afikirie viungo vitano: (1) chanzo cha picha, yaani antena, dishi, king'amuzi au kifaa kingine, pamoja na waya zake, (2) bodi ya umeme inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa, (3) bodi kuu inayopokea picha na sauti, (4) bodi ndogo inayopanga picha kwenye nukta, ambayo mafundi wengi huiita tikoni, na (5) kioo chenyewe pamoja na taa za nyuma yake. Kila kiungo kinapougua huonyesha dalili yake. Mwenye kuzijua dalili hadanganywi kwa urahisi.

Zipo pia televisheni za aina nyingine, kama zile za OLED, ambazo nukta zake hutoa mwanga zenyewe. Hizo hazina taa za nyuma. Picha isiyobadilika ikiachwa kwa muda mrefu, kama vile nembo ya kituo, huweza kuacha kivuli cha kudumu. Katika kumbi za vyama aina hiyo ni chache, kwa hiyo somo hili linahusu zaidi televisheni zenye taa za nyuma.

SEHEMU YA PILI: KUCHUNGUZA KUTOKA NJE KUJA NDANI

Kanuni ya kwanza ni kuanza na kilicho rahisi na kilicho nje, kabla ya kushuku kilicho ghali na kilicho ndani. Katibu au mtunzaji afuate utaratibu huu bila kuruka hatua:

1. Ahakikishe kwamba soketi ina umeme, kwa kuchomeka taa au chaja ya simu mahali pale pale.

2. Atazame taa ndogo iliyo chini ya televisheni. Ikiwaka bila kukatika, umeme umefika. Isipowaka kabisa, kasoro iko kwenye waya, plagi, swichi au bodi ya umeme. Ikimetameta, televisheni inatoa ishara ya hitilafu. Ahesabu mara ngapi inamulika kabla ya kupumzika na aandike idadi hiyo, kwa maana humsaidia fundi.

3. Achomoe plagi ukutani, angoje dakika tano, achomeke tena. Televisheni za siku hizi zina programu ndani yake kama kompyuta, na mara nyingine programu hiyo hukwama.

4. Abonyeze kitufe cha menyu kwenye rimoti na kuitazama kwa makini menyu ya televisheni yenyewe, si ile ya king'amuzi.

Hatua hii ya nne ni ufunguo wa somo lote. Menyu huchorwa ndani ya televisheni. Ikionekana safi, yenye rangi sahihi na isiyo na mistari, basi kioo, taa na tikoni ni vizima, na kasoro inatoka nje: kwenye antena, king'amuzi, waya au kituo chenyewe. Lakini kama menyu nayo ina mistari, giza au rangi zilizoharibika, kasoro imo ndani. Uchunguzi huu hauna gharama yoyote, nao umewaepusha wengi na safari ya bure ya kwenda mjini.

5. Abadilishe chanzo. Kama picha ya king'amuzi ni mbaya, ajaribu kifaa kingine, au atumie tundu jingine na waya mwingine. Kinachobadilika kinapoleta nafuu, hicho ndicho kilichokuwa kibovu.

SEHEMU YA TATU: DALILI NA MAANA ZAKE

Picha inayokatika vipande vya miraba au kuganda. Hii si kasoro ya televisheni. Ni ishara ya mawimbi hafifu. Tangu matangazo ya kidijiti yaliposhika nafasi ya yale ya analojia, kazi iliyoanza Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, picha haififii pole pole kama zamani na kujaa chengachenga. Huwa safi mpaka kikomo fulani, kisha huvunjika ghafla. Fundi wa antena ndiye anayehitajika, au pengine ni mvua kubwa tu inayozuia mawimbi ya dishi. Waya wa antena uliopigwa jua kwa miaka, au ulioingia maji kwenye kiungo, ni mkosaji wa kawaida.

Maandishi "hakuna mawimbi". Televisheni ni nzima. Mara nyingi mtu amebonyeza rimoti na kubadilisha tundu la kupokelea picha, au king'amuzi kimezimwa.

Sauti ipo, picha hakuna. Hapa tochi inahitajika. Chumba kitiwe giza, televisheni iwashwe, menyu iitwe, kisha tochi ielekezwe karibu na kioo kwa kuinamishwa pembeni. Kama menyu au watu wanaonekana kwa mbali kama vivuli, kioo kinafanya kazi. Taa za nyuma ndizo zilizozimika, au umeme wake haufiki. Taa hizo hupangwa katika mistari na kuunganishwa mfululizo, hivi kwamba moja ikiungua, mstari mzima huweza kuzimika. Vivyo hivyo kwa televisheni inayoonyesha picha kwa sekunde moja au mbili kisha ikawa giza huku sauti ikiendelea. Kasoro hii hutengenezeka.

Nusu ya picha ni hafifu, au pana madoa meupe ya mviringo. Mstari mmoja wa taa umeungua, au vile vikofia vidogo vya kutawanya mwanga vimebanduka kwa joto na kuanguka. Ni kazi ile ile ya taa za nyuma.

Picha yote inaelekea rangi ya buluu au zambarau. Taa zimechakaa kwa joto la muda mrefu. Bado zinawaka, lakini weupe wake umekwisha. Dalili hii ni onyo kwamba mwanga wa televisheni umekuwa ukitumika kupita kiasi.

Kioo kinang'aa cheupe au kijivu bila picha, au rangi zimegeuka kama picha ya nega. Taa ni nzima, lakini habari za picha hazifiki vizuri. Hushukiwa tikoni, au utepe wa nyaya unaoiunganisha na bodi kuu. Pengine utepe umelegea tu kwa mtikisiko wa safari.

Mstari mwembamba wa wima au wa mlalo usiohama. Kama mstari uko hata kwenye menyu, mara nyingi maungio yaliyo kwenye ukingo wa kioo yamebanduka au chipu zake zimekufa. Matengenezo yake ni magumu na hayana uhakika. Mtu anayependekeza kugongagonga au kubana ukingo wa kioo asikubaliwe. Televisheni yenye mstari mmoja huweza kutumika kwa miaka. Chama kiamue kama kinaweza kuvumilia.

Doa jeusi linalosambaa kama wino, pamoja na ufa kama utando wa buibui. Kioo kimegongwa. Bei ya kioo kipya hukaribia, na mara nyingine hupita, bei ya televisheni nzima. Hapo ni sawa kusema kwamba kioo kimekufa, na hapo ndipo swali la aliyekigonga linapokuwa na maana.

Nukta moja nyeusi au yenye rangi moja siku zote. Ni nukta iliyokufa. Kwa kawaida haisambai, wala si sababu ya kuitupa televisheni.

Picha ni nzuri lakini ina giza kidogo, au vichwa vya watu vimekatwa. Ni mipangilio tu. Giza huenda limetokana na mpangilio wa kubana matumizi ya umeme. Vichwa vilivyokatwa hutokana na ukubwa wa picha uliochaguliwa. Menyu itatosha.

SEHEMU YA NNE: ONYO KUHUSU KUFUNGUA

Uchunguzi wote uliotajwa hapo juu hufanywa bila kufungua parafujo hata moja. Nyuma ya kifuniko mna bodi ya umeme yenye kapasita ambazo huweza kubaki na umeme wa mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa. Televisheni bapa za zamani kidogo, ambazo taa zake ni mirija myembamba, zina zebaki, nayo ni sumu. Mwanachama mwenye bisibisi na ujasiri asiruhusiwe kujaribu bahati yake juu ya mali ya chama, wala juu ya uhai wake.

Ikitoa moshi, harufu ya kuungua au mlio wa cheche, izimwe ukutani mara moja na isiwashwe tena mpaka fundi aione.

SEHEMU YA TANO: MAMBO YANAYOFUPISHA MAISHA YAKE

Saa za kazi. Televisheni ya nyumbani inayowashwa saa 4 kwa siku hufanya kazi saa 1,460 kwa mwaka. Ile ya chama inayowashwa saa 14 kwa siku hufanya kazi saa 5,110. Maana yake mwaka mmoja wa chama ni sawa na miaka mitatu na nusu ya nyumba. Televisheni isiyotazamwa na mtu izimwe.

Mwanga uliozidi. Hili ndilo linaloziua taa za nyuma kuliko mengine, nalo halionekani. Televisheni nyingi zina mpangilio wa dukani, unaowasha taa kwa nguvu zote ili kioo kivutie wanunuzi. Ikiletwa chamani bila kubadilishwa, huendelea hivyo usiku na mchana. Mtunzaji achague mpangilio wa nyumbani, kisha apunguze mwanga wa taa za nyuma, ambao katika menyu nyingi huandikwa kwa Kiingereza "Backlight", mpaka uwe wa kutosha tu kwa ukumbi wake. Mwanga ukipungua, joto hupungua. Joto likipungua, taa huishi zaidi.

Joto na kukosa hewa. Matundu ya nyuma na ya juu si mapambo. Iachwe nafasi ya sentimita 10 hivi kila upande. Isifunikwe kitambaa ikiwa inawaka, isitundikwe juu kabisa chini ya bati lisilo na dari, wala isikabiliwe na jua la dirishani.

Umeme usio tulivu. Nyuma ya televisheni nyingi pameandikwa volti 100 hadi 240, maana yake umeme ukishuka kidogo haidhuriki. Lakini kila chama kisome kibandiko cha televisheni yake. Hatari kubwa ni umeme unapopanda ghafla, hasa unaporudi baada ya kukatika. Kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwaka kwa dakika chache ni cha bei ndogo kuliko ziara moja ya fundi. Penye jenereta, televisheni izimwe kabla ya jenereta kuwashwa au kuzimwa.

Radi. Hakuna kilinda umeme kinachoaminika mbele ya radi. Mawingu yanapokusanyika, na kabla ngurumo haijakaribia, plagi ichomolewe pamoja na waya wa antena au dishi, kwa maana radi huingia pia kwa njia hiyo. Ngurumo ikiwa imekwisha fika, mtu asiziguse waya hizo.

Vumbi, chumvi na wadudu. Vumbi la ghala huziba matundu; hewa ya pwani yenye chumvi hula maungio ya bodi; mende na sisimizi hupenda joto la ndani. Ukumbi ufagiliwe kwa kunyunyizia maji sakafuni, chakula kisiachwe karibu, na kifuniko cha kitambaa kitumike televisheni inapokuwa imezimwa na kupoa.

Kusafisha. Izimwe, ipoe, ifutwe kwa kitambaa laini kikavu bila kukandamiza. Uchafu ukigoma, kitambaa kiloweshwe kidogo kwa maji safi na kukamuliwa vizuri. Maji yasinyunyizwe kwenye kioo, kwa kuwa huteremka hadi ukingo wa chini na kuharibu maungio. Spiriti, petroli na sabuni za kusafishia madirisha ni marufuku.

Kubeba na kutundika. Ibebwe na watu wawili, imesimama wima, mikono ikishika fremu na si kioo. Katika gari isafiri wima ndani ya boksi lake. Ikilazwa, kila shimo la barabara hupinda kioo. Wakati wa kuitundika, parafujo ziwe za urefu uliotajwa katika kitabu chake, kwa maana parafujo ndefu huweza kutoboa bodi iliyo ndani.

SEHEMU YA SITA: FUNDI, GHARAMA NA UAMUZI

Kabla ya kumwita fundi yeyote, katibu atazame kama muda wa waranti umekwisha. Ndani ya muda huo televisheni irudishwe kwa muuzaji pamoja na stakabadhi, na asiifungue mtu mwingine, kwa sababu kufunguliwa huweza kuibatilisha waranti.

Muda ukiwa umekwisha, fundi aombwe aeleze kwa maandishi kasoro ni ipi, kifaa gani kitabadilishwa, bei ya kifaa na bei ya kazi kila moja peke yake, na matengenezo yake yana dhamana ya muda gani. Kifaa kibovu kilichotolewa kirudishwe chamani. Katika taa za nyuma, ni busara kubadilisha mistari yote kwa pamoja. Taa mpya zikichanganywa na zilizochakaa, zile za zamani hufuatana kuungua na gharama ya kufungua hulipwa upya. Tena kazi hiyo hulazimu kioo kuondolewa mahali pake, na ni rahisi kukivunja. Kwa hiyo ikubaliwe mapema nani atabeba hasara kikivunjika.

Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya televisheni mpya ya aina hiyo, kamati isite na kufikiri. Kipimo kizuri ni hesabu ya mwaka. Kwa kielelezo, televisheni ya shilingi 600,000 ikidumu miaka 3, imewagharimu wanachama shilingi 200,000 kwa mwaka. Ikidumu miaka 6, shilingi 100,000. Chama kinachotenga kila mwaka fedha za uchakavu wa televisheni, kama kinavyofanya kwa mizani, hakitashtuka siku yake itakapofika.

SEHEMU YA SABA: DAFTARI LA TELEVISHENI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Liwepo daftari dogo lenye mambo haya: tarehe ya kununuliwa, bei, aina na namba ya chombo, jina la mtunzaji, saa ya kuwashwa na kuzimwa kila siku, siku ambazo umeme ulikatika au radi ilipiga, kila dalili iliyoonekana, hata ndogo, na kila tengenezo pamoja na gharama yake. Mtunzaji akipokea au kukabidhi ufunguo, hali ya kioo itazamwe na wote wawili, nao watie sahihi. Daftari hilo humwongoza fundi, na humlinda mtunzaji mwaminifu.

MWISHO WA SHAURI

Katibu wa chama kile cha kahawa aliingia ukumbini usiku akiwa na tochi, pamoja na mwenyekiti na mlinzi mwenyewe. Aliiwasha televisheni, akabonyeza menyu, akaielekeza tochi pembeni mwa kioo. Maandishi ya menyu yalionekana, hafifu lakini kamili, bila ufa wala doa. Mwenyekiti aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mzee, hakuna aliyeipiga."

"Nilisema hivyo siku ile," alijibu mlinzi.

Fundi wa pili alibadilisha taa za nyuma kwa gharama iliyokuwa chini sana ya nusu ya bei ya televisheni mpya. Ndipo ilipogundulika kwamba tangu siku ya kununuliwa televisheni ilikuwa katika mpangilio wa dukani, taa zikiwaka kwa nguvu zote, saa 14 kila siku, huku imesukumwa hadi ukutani chini ya bati. Hakuna hata mmoja katika kamati aliyesoma kitabu chake. Kosa lilikuwa la chama kizima, na lilikuwa limeandikwa jina la mtu mmoja.

Fedha zilizokatwa zilirudishwa kwa hati ya malipo, na mwenyekiti alimwomba radhi mzee mbele ya mkutano mkuu, kama vile shutuma zilivyotolewa mbele ya watu. Mzee hakuhutubia. Aliomba jambo moja tu: kwamba daftari la televisheni likianzishwa, liwe na nafasi ya sahihi ya mjumbe wa kamati kila juma, ili mwenye ufunguo asiwe peke yake. Mkutano ulikubali.

MUHTASARI

1. Uchunguzi utangulie lawama na malipo.
2. Menyu ikiwa safi, kasoro iko nje ya televisheni.
3. Sauti bila picha: tochi kwanza, uamuzi baadaye.
4. Mwanga na joto vipunguzwe. Plagi na waya wa antena vichomolewe mapema kabla ya radi.
5. Asiifungue asiye fundi.
6. Bei iandikwe, kifaa kibovu kirudishwe, daftari litunzwe.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Televisheni ya chama chenu huwashwa saa ngapi kwa siku? Fanyeni hesabu ya saa kwa mwaka.
2. Nani ameshika ufunguo, na ni maandishi gani yanayomlinda?
3. Picha inakatika vipande vya miraba, lakini menyu ni safi. Ni fundi yupi aitwe, na kwa nini?
4. Katika shauri la mlinzi, kamati ilikosea mahali gani kwanza? Je, utaratibu wa chama chenu ungeweza kulizuia kosa hilo?
5. Kikundi kiende mbele ya televisheni ya chama, kitafute mpangilio wa mwanga wa taa za nyuma, na kiandike katika daftari ulivyokutwa na ulivyoachwa.